Bima ya boti nyembamba: ikizama, nani atalipa kuinyanyua?

Boti nyembamba za mifereji ya Uingereza hazizamishwi na dhoruba. Maji ya mfereji yamelala, kina chake sehemu nyingi hakimfiki mtu mzima shingoni, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, sawa na mtu anayewahi basi bila kukimbia. Zinazama kwa mfuniko uliofungwa vibaya, kwa kizingiti cha loki (chumba cha maji cha kupandishia na kushushia boti) ambacho nahodha alikisahau, kwa bomba lililopasuka wakati wa baridi, au kwa bati lililoliwa na kutu chini ya maji miaka ishirini bila mtu kulitazama. Anayetafuta bima aanzie hapo. Moto, radi na wizi wa kuvunja mlango, karibu kila kampuni inayouza bima kubwa, inayolipia na boti yenyewe, italipa. Kampuni zinapotofautiana ni kwenye maji yanayoingia taratibu.

Kwa ambaye hajaziona: ni boti za chuma, upana wake futi 6 na inchi 10, yaani mita 2 na kidogo tu, kwa sababu loki nyingi za karne ya 18 zilijengwa kwa upana wa futi 7 na nyingi hazijapanuliwa. Urefu unaweza kufika futi 72, ingawa wengi huchagua ya futi 57 ili ipite karibu mtandao wote. Ndani kuna jiko la kuni na makaa, mtungi wa gesi, choo, kitanda. Wapo wanaozitumia kwa likizo, na wapo waliohamia humo moja kwa moja, hasa London, baada ya kodi za nyumba kuwashinda. Boti hiyo basi inaweza kuwa ndiyo nyumba yako na ndiyo akiba yako yote, lakini haiuzwi bima kama nyumba. Inaangukia kwenye sheria za vyombo vya majini.

Bima ndogo inamlinda nani

Mifereji mingi ya England na Wales, kama maili 2,000 pamoja na baadhi ya mito, iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililochukua kazi hiyo mwaka 2012 kutoka British Waterways. Ili upate leseni ya kuweka boti kwenye maji yao, sheria ya mwaka 1995 inadai mambo matatu: cheti cha usalama wa boti, ambacho hudumu miaka 4 na huangalia zaidi gesi, mafuta, umeme na moto; maegesho ya kudumu, au uthibitisho kwamba unasafiri kweli na hukai mahali pamoja zaidi ya siku 14; na bima. Bima inayotakiwa ni ya madhara kwa watu wengine, angalau pauni milioni 2.

Hii ndiyo ndugu ya ile tunayoiita bima ndogo kwenye magari. Ukimgonga jirani, ukavunja mlango wa loki, au mgeni akateleza kwenye ubao wako na kuvunjika mguu, kampuni inalipa. Boti yako yenyewe haimo. Ada yake ni makumi ya pauni kwa mwaka, wakati bima kubwa huingia kwenye mamia, na zote mbili zimeshabeba kodi ya bima ya serikali ya asilimia 12. Kwa mtu aliyenunua boti kuukuu kwa pesa kidogo, bima ndogo inaonekana ni akili. Boti yenyewe ina thamani gani mpaka niikatie bima kubwa?

Hesabu hiyo inasahau kitu kimoja: boti ikizama haiondoki machoni. Inakaa mferejini, imeziba njia, dizeli inavuja, na mwenye kuiondoa ni wewe. Sheria ya British Waterways ya mwaka 1983, kifungu cha 8, inaipa mamlaka ya mfereji nguvu ya kuiondoa boti iliyozama, iliyokwama au iliyotelekezwa, na kukudai gharama zote. Gharama hizo ni wapiga mbizi, pampu, pengine kreni ambayo lazima ifikishwe mahali pasipo na barabara, na watu wa kuzuia mafuta yasisambae. Ankara inaweza kuipita bei ya boti. Kuna mikataba ya bima ndogo inayolipia kuondoa mabaki, na ipo isiyolipia, na kwenye tangazo la bei zote mbili zinafanana. Mimi ningekuwa na swali moja tu la kuuliza kabla ya jingine lolote, ningeuliza hilo, na ningetaka jibu kwa maandishi: boti ikizama, mnalipa kuinyanyua na kuiondoa, na ukomo wake ni pauni ngapi?

Ya ghafla na ya polepole

Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito pande mbili, kinachojazwa maji au kumwagwa ili boti ipande au ishuke. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza ndani ya chumba. Chumba kikijaa, hukioni. Kwenye loki nyingi kuna mstari mweupe umechorwa ukingoni kukuonyesha kinapoishia. Sasa boti inashuka, nahodha anazungumza na mwenzake aliye juu ukingoni, na tezi, yaani nyuma ya boti, imerudi kidogo kupita ule mstari. Maji yanatoka. Usukani unakaa juu ya jiwe. Omo, upande wa mbele, inaendelea kushuka na maji, tezi imegoma, boti inainama mbele kama inayotaka kupiga mbizi, vyombo vinaanza kuanguka kabatini, na maji yanafika usawa wa mlango wa mbele. Dawa ni kufunga mara moja vilango vya chini vinavyotoa maji na kufungua taratibu vile vya juu vinavyoyaingiza ili maji yaiinue tena. Asiyewahi, boti inajaa ndani ya dakika chache.

Huo ni uzembe, hakuna ubishi. Na bado bima kubwa kwa kawaida hulipa. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo bado ndiyo msingi wa mambo haya na ndiyo mama wa sheria ya Kenya ya jina hilohilo, inasema kampuni haikwepi hasara kwa sababu tu nahodha au mabaharia walizembea. Inachokwepa ni hasara uliyoitaka wewe mwenyewe kwa makusudi. Sheria hiyohiyo inaiondolea kampuni uchakavu wa kawaida, uvujaji wa kawaida, ubovu uliomo ndani ya kitu chenyewe, na, kwa kumbukumbu ya maghala ya zamani, hasara iliyoletwa na panya.

Kwa hiyo mstari haupiti kati ya mzembe na mwangalifu. Unapita kati ya jambo la ghafla na jambo la polepole. Uzembe wa dakika tano unalipwa, wa miaka mitano haulipwi.

Na katikati pana kinamasi. Chukua tundu la kusafishia rafadha, lile panga la majini linalosukuma boti. Nyuma ya boti nyembamba, juu ya rafadha, kuna sanduku la chuma lenye mfuniko; mifuko ya plastiki, kamba na nguo kuukuu zikijizungusha kwenye rafadha, unazima injini, unafungua mfuniko, unaingiza mkono majini na kukata. Ukirudisha mfuniko vibaya kisha ukawasha injini, rafadha inarusha maji ndani ya boti kwa nguvu kuliko pampu ya ngama inavyoweza kuyatoa. Hiyo ni ajali. Lakini mkaguzi wa kampuni akikuta mpira wa mfuniko umekauka na kupasukapasuka tangu enzi, ataandika uchakavu. Vivyo hivyo pale mhimili wa rafadha unapotokea nje: panatakiwa padondoshe tone mojamoja, lakini tone likigeuka mchirizi, boti ikaachwa miezi miwili bila mtu, betri ikaisha, pampu ikanyamaza, kampuni itauliza mara ya mwisho ulikwenda lini kuitazama. Mikataba mingine inataka boti itembelewe kila baada ya muda fulani. Soma kama wako una sharti hilo kabla hujasafiri kwenda nyumbani kwa wiki sita.

Baridi nayo ina kifungu chake. Maji yakiganda kwenye bomba yanatanuka na kulipasua. Yakiyeyuka, tangi zima linamwagika ndani. Kwa hiyo mikataba hutaka boti isiyokaliwa imwagwe maji yote wakati wa majira ya baridi, na injini iwekwe dawa ya kuzuia kuganda. Wanaoishi ndani wanawasha jiko na mara nyingi hawahesabiwi kwenye sharti hilo, ila wasipokuwepo linawarudia.

Milimita nne

Boti nyingi za siku hizi hujengwa kwa bati la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye kibanda. Chini ya maji chuma kinaliwa. Kutu ya kawaida ni ya polepole na lami inayopakwa kila baada ya miaka 2 au 3 huizuia kwa kiasi. Mbaya zaidi ni ile inayoletwa na umeme: boti ikichomekwa umeme wa bandarini, waya wa ardhi unaiunganisha na boti za majirani, na chuma chako kinaweza kugeuka ndicho kinachojitoa mhanga badala ya vipande vya magnesi vilivyowekwa kwa kazi hiyo. Kuna kifaa cha kukata mkondo huo mdogo. Si ghali ukilinganisha na bati jipya. Na uharibifu huo, mikataba mingi imeuandika kwa jina kwenye orodha ya yasiyolipwa.

Ndiyo maana kampuni huomba ripoti ya ukaguzi wa bati boti ikifika umri fulani. Moja inaanza miaka 20, nyingine 30, na ukitaka bima ndogo tu nyingine haiulizi kabisa. Boti inatolewa majini, inaoshwa kwa maji ya nguvu, kisha mkaguzi anapita ubavuni na nyundo akisikiliza mlio. Anakwangua lami mahali padogo, anapaka jeli, anabandika kipimo cha mawimbi ya sauti, anasoma namba, anaiandika kwa chaki juu ya bati: 5.8, 5.6, 4.9. Anarudia kila baada ya hatua, na pale alipoona vishimo anapima kina cha kila kimoja, kwa sababu wastani mzuri hauisaidii boti yenye kishimo kimoja kilichobakiza milimita 2.

Namba inayosubiriwa ni 4. Chini ya hapo kampuni nyingi hukataa bima kubwa mpaka bati jipya lichomelewe juu ya lile la zamani. Kazi hiyo ni ghali, na ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji: bati la ziada ni uzito, boti inakaa chini zaidi majini, na matundu ya kutolea maji ya sinki na moshi wa injini yanasogea karibu na mstari wa maji. Ukinunua boti iliyochomelewa hivyo, mpe mkaguzi kazi ya kupima pia umbali kati ya matundu hayo na mstari wa maji.

Mkaguzi umlipe mwenyewe, na ripoti iandikwe kwa jina lako. Ripoti ambayo muuzaji anakupa bure ilifanywa kwa ajili yake, na ikiwa na kosa huna pa kumshika mkaguzi. Waulize pia kampuni ya bima kabla ya ukaguzi, siyo baada, kwamba wanataka nini kiwemo. Kuipandisha boti nchi kavu mara mbili kwa sababu ripoti ya kwanza haikugusa jambo fulani ni hasara ya kijinga.

Thamani ya nani?

Boti ikipotea kabisa, utalipwa kiasi gani? Kuna njia mbili. Thamani ya makubaliano: mnaandika pauni 48,000 mwanzoni, na ikipotea ni pauni 48,000. Thamani ya soko: mtaangalia siku ya hasara boti kama hiyo ingeuzwa bei gani. Ya kwanza ada yake huwa juu kidogo, na kwa anayeishi ndani naona ndiyo ya kuchukua, maana bei za boti zinapanda na kushuka na hutaki kubishania soko ukiwa umelala kwenye kochi la rafiki.

Usiandike pungufu ili ada ishuke. Kwenye bima ya majini, aliyekata bima ya nusu ya thamani anaweza kuhesabiwa kwamba nusu nyingine amejibebea mwenyewe, hata kwenye hasara ndogo. Na kumbuka vitu vyako vya ndani. Bima kubwa ya boti hulipa injini, mabomba, jiko na samani zilizofungwa. Kompyuta, nguo, baiskeli iliyo juu ya paa na kitanda cha mtoto huwa na ukomo mdogo au hazimo kabisa. Anayeishi botini anahitaji nyongeza ya vitu vya nyumbani na, kama ipo, ya malazi ya dharura.

Unaishi humo?

Fomu itauliza boti inatumikaje, na hapa watu hudanganya kidogo, kwa sababu likizo ni rahisi kuliko makazi. Tangu sheria ya mwaka 2012 ya bima za watu binafsi, wajibu wako ni kujibu maswali kwa uangalifu wa kawaida. Hulazimiki kutabiri ambayo hawakuuliza. Lakini jibu la uongo lina bei. Likiwa la kusudi, kampuni inafuta mkataba, inakataa dai, na inaweza kubaki na ada. Likiwa la kutokuwa makini, inategemea wangefanya nini wangejua ukweli. Kama wangetoza pauni 300 na wewe ulilipa 150, watalipa nusu ya dai. Kama wasingekupa bima hata kidogo, watakurudishia ada tu. Dai la pauni 20,000 linageuka 10,000 kwa kuokoa 150.

Sema pia kama huna maegesho ya kudumu. Wanaohamahama kila wiki mbili si kila kampuni inawataka, lakini zinazowataka zipo, na wakala wa bima za boti anazijua. Kupangisha boti kwa wageni wa wikiendi ni biashara. Bima ya binafsi inakufa hapo hapo, na leseni yenyewe inabadilika.

Halafu ramani. Mikataba mingi husema maji ya ndani yasiyo na kupwa na kujaa. Thames chini ya Teddington yanapwa na kujaa, kwa hiyo ile safari fupi ya kutoka Limehouse hadi Brentford, ambayo inaunganisha mifereji miwili ya London kwa kupita chini ya madaraja maarufu, inaweza kuwa nje ya bima yako bila idhini. Vivyo hivyo mlango wa mto Severn kati ya Sharpness na Bristol, ambako kampuni hutaka kujua kama umechukua rubani wa majini. Piga simu, omba barua pepe ya kuthibitisha. Kwa kawaida wanakubali wakiwa wameambiwa.

Kuna hasara ambayo haimo karibu kwa yeyote. Machi 2018 ukingo wa tawi la Middlewich la mfereji wa Shropshire Union uliporomoka, maji yakakimbilia mtoni, na boti zikabaki zimekaa kwenye tope. Njia ilifungwa kwa miezi mingi. Bati likipinda, bima kubwa ina la kusema. Lakini ukiwa na kazi upande wa pili na boti yako nzima imenaswa, usumbufu ni wako.

Kiasi unachochangia mwenyewe, na pale pa kulalamika

Kila mkataba una kiasi ambacho wewe huanza kulipa kwenye kila dai. Ukikipandisha ada inashuka. Kwa boti nadhani inafaa, kwa sababu mikwaruzo midogo ni ya kila wiki na ukiidai unapoteza punguzo la miaka isiyo na madai. Ila angalia kama kuna kiasi tofauti, kikubwa zaidi, kwa kuzama au kwa wizi wa vitu vya juu ya paa kama sola na jenereta.

Masharti uliyoyavunja hayakuui siku zote. Sheria ya Bima ya mwaka 2015 ilipunguza ukali wa zamani: ukivunja ahadi, ulinzi unasimama kwa muda na kurudi ukishatimiza, tofauti na zamani mkataba ulipokufa moja kwa moja. Na sharti lisilohusiana na hasara iliyotokea haliwezi kwa kawaida kutumiwa kukunyima. Kufuli la mlango lilikuwa bovu, lakini boti imeungua kwa cheche za jiko: waonyeshe wewe kwamba kufuli bovu halingeweza kuongeza hatari ya moto huo.

Wakikataa, andika malalamiko rasmi kwao kwanza. Wana wiki 8 za kukujibu. Jibu lisiporidhisha, au wiki zikipita kimya, unaweza kwenda kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru cha kuamua malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima, bila malipo yoyote na bila wakili. Baada ya jibu lao la mwisho una miezi 6, basi tarehe ya barua hiyo iandike mahali. Watakachokuomba ni mkataba, barua pepe zote za kuuliza na kujibiwa, risiti za lami na za fundi, na ile ripoti yenye namba za chaki.